Mimi Si Likizo ya Mtu

Sura ya Tisa

Jumamosi ile nilideki sebule mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu ilikuwa chafu, mara ya pili kwa sababu ilikuwa bado saa tano na mgeni alikuwa anakuja saa nane. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, kitabu cha chuo mapajani, ananitazama nikipitisha tambara pale pale nilipokwisha kupita.

"Mama, sakafu imeshasalimu amri."

"Inua miguu."

"Na umevaa hereni."

"Nina masikio. Hereni huvaliwa masikioni. Inua miguu."

Akainua, huku akicheka. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na tangu asikie kwamba Bwana Fomu anakuja nyumbani kujitambulisha alikuwa ananichungulia kama mtu aliyemfuma mzazi wake anadokoa sukari.

Jina la Bwana Fomu alipewa na wenzangu kazini. Mimi ni msimamizi wa chumba cha kutakasia vifaa hospitalini. Kila mkasi, kila koleo, kila kisu kinachoingia chumba cha upasuaji hupita kwanza mikononi mwetu. Tunaosha, tunakagua, tunapanga kwenye trei, tunafunga kwa kitambaa, tunaingiza kwenye mashine ya mvuke. Kazi ina joto, ina kusimama, na haina asante, maana mgonjwa akipona humshukuru daktari, hakuna aliyewahi kumshukuru aliyeosha mkasi. Naipenda. Nimeifanya miaka kumi na minane, na hadi leo trei ikitoka kwenye mvuke, ule utepe wake umeota mistari myeusi kuonyesha kwamba vilivyomo ni salama, nasikia raha ambayo sijui nimweleze nani.

Miezi mitano nyuma alikuja mwanamume mrefu kutoka chuo, shati lake limepigwa pasi mbele tu. Akasema anatafiti uchovu wa kazi. Alitaka kujua kwa nini ndani ya chumba kimoja, joto lile lile, mshahara ule ule, mtu mmoja huungua akabaki majivu na mwingine huwaka vizuri mwaka hadi mwaka. Akatugawia fomu. Maswali ishirini, na kila jibu ni namba. Sifuri maana yake jambo hilo halijawahi kukutokea, sita maana yake hukutokea kila siku.

"Hakuna atakayejua umejibu nini," alituambia, amesimama mbele ya mashine yangu. "Hiyo ni ahadi."

Hakujua amewapa fomu watu gani. Kwetu hakuna trei inayotoka na sahihi ya mtu mmoja. Mmoja anapanga, wa pili anakagua, wote wawili wanatia sahihi. Basi na fomu tulizifanya hivyo hivyo. Mmoja alijaza, mwenzake akakagua. Wewe umeandika huchoki? Juzi si ulilala juu ya mashuka? Futa, weka tano. Umeandika hujawahi kumkasirikia bosi? Futa, tulikuwepo. Jioni alikusanya fomu kumi na moja zenye miandiko miwili miwili, na chini ya kila moja sahihi mbili na majina kamili. Alikaa kwenye stuli akazitazama kwa muda mrefu, mabega yanatikisika. Nilidhani analia, nikaenda kumletea maji. Kumbe anacheka, na kicheko kilimtoka kwa shida, kama mtu aliyesahau mlango ulipo.

Zile fomu hazikumfaa, ikabidi aanze upya, safari hii kila mtu akijaza peke yake, na kwa kuanza upya akarudi mara sita. Mara ya nne nilijua hafuati namba tena. Mara ya sita alinisindikiza hadi kituoni, na tuliposimama pale hakuna aliyekumbuka kuaga, gari likapita, na la pili likapita.

Tatizo lilikuwa kaka yangu. Yeye ndiye aliyeshika nafasi ya baba tangu baba afariki, na kuhusu ndoa yangu alikuwa na neno moja tu: nitaolewa tena siku nitakayoacha mvuke. Mume wangu wa kwanza aliondoka akisema ameoa hospitali, na kaka aliamini. Kwa miaka sita, kila mwanamume aliyefika kwetu kaka alimuuliza swali moja, utamtoa kazini? Waliosema ndiyo, yeye aliwakubali na mimi nikawaonyesha mlango. Aliyesema hapana hajatokea. Na mimi neno langu lilikuwa moja pia: anayetaka niache kazi, simtaki, hata awe amepakwa asali.

Haya yote sikumwambia Bwana Fomu. Nilitaka nimsikie akijibu mwenyewe, bila kufundishwa.

Alifika saa nane kasorobo, akasimama nje ya geti hadi ikatimia saa nane. Nilimwona kupitia pazia. Safari hii shati lilikuwa na pasi pande zote. Nilipomfungulia, tulitazamana pale kizingitini muda mfupi tu, lakini nilisikia joto likipanda kutoka shingoni hadi usoni, kama ninapofungua mlango wa mashine kabla ya wakati.

"Umependeza," akasema taratibu.

"Ingia. Wanakusubiri kukutafuna."

Mama yangu, ninayeishi naye, alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani. Kaka alikuwa amekaa katikati ya kochi kubwa, peke yake, magoti mbali mbali.

"Shikamoo mama. Shikamoo kaka."

"Marahaba," alisema mama. "Kaa hapo penye mwanga nikuone. Umekonda."

"Ndivyo nilivyo, mama."

"Hapana. Hilo shati lilinunuliwa na mtu mnene kuliko wewe."

Alitazama shati lake kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. "Ni kweli. Nililinunua mimi, mwaka juzi."

Kaka alikohoa kusafisha njia. "Wanasema wewe ni mtu wa chuo. Kazi yako hasa ni nini?"

"Napima uchovu, kaka. Uchovu wa watu makazini."

"Unaupima kwa mizani?"

"Kwa maswali."

"Ukishaupima?"

"Naandika."

"Halafu?"

"Halafu wakubwa wanasoma." Akafikiri kidogo. "Baadhi."

"Mimi nimechoka tangu siku niliyomzaa huyu," mama alisema, akimnyooshea kaka kidole, "na hakuna aliyewahi kuniletea karatasi."

Binti yangu aliinuka haraka akakimbilia jikoni, tukamsikia akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Bwana Fomu alinitazama juu ya kikombe chake, macho yanacheka, na kwa dakika nzima nilisahau kwamba kuna swali linakuja.

Likaja.

"Sasa tuongee kiutu uzima," kaka alisema. "Huyu dada yangu anasimama kutwa kwenye joto. Anarudi miguu imevimba. Ndoa yake ya kwanza iliyeyukia humo humo kwenye mvuke. Ukimwoa, utamtoa pale?"

Nilikuwa nimeshika birika. Nililishika hivyo hivyo, bila kumimina.

"Kaka, yeye hajachoka," akasema.

"Umejuaje?"

"Aliandika mwenyewe." Aliweka kikombe chini. Sauti ilikuwa imempanda, sauti ya mtu anayemtetea anayempenda, na hakuona anakoelekea. "Kila swali la kuipenda kazi, alijaza sita. Yote. Nimepima watu mia nne, hakuna mwingine. Si kazi inayomuumiza. Sifuri mbaya aliyoweka ni moja tu, kwenye swali linalouliza kama akitoka kazini ana mtu wa kumsimulia siku yake ilivyokwenda."

Mama aligeuza kichwa polepole kutoka dirishani.

"Sifuri?" akauliza.

Binti yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sahani ya biskuti. Hakuwa anacheka tena.

Niliweka birika mezani, nikatoka kwenda uani.

Alinifuata. Nilikuwa nimesimama katikati ya mashuka yaliyoanikwa, na alilazimika kuinua moja ili anifikie.

"Uliahidi," nikamwambia.

"Niliahidi."

"Mbele ya mashine yangu, mbele ya watu kumi na mmoja. Sasa mama yangu amekaa mle ndani anajiuliza kila jioni alikuwa anaongea na nani. Mtoto wangu ameduwaa na biskuti mkononi."

"Nilitaka kukutetea."

"Nina mdomo."

"Najua una mdomo. Nimeshauonja ukali wake."

"Usinichekeshe. Miezi mitano unakuja, unakaa kwenye ile stuli, unanitazama, mimi najipa moyo kwamba unanitazama mimi. Kumbe unatazama sifuri. Mwanamume anayeona pengo akaja kuliziba ni fundi. Sikuita fundi."

Aligeuza ndoo iliyokuwa kando ya karo, akaikalia, magoti yakamfika karibu na kidevu. Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza siku ile, bila haya na bila hereni zangu kunichanganya. Macho yalikuwa mekundu pembeni. Mikono ilikuwa imetulia mno, kama vitu alivyoviweka mahali na kuvisahau.

"Ile fomu nilijaza na mimi," akasema. "Siku ile ile mliyozitia sahihi. Nilirudi ofisini bado nacheka, nikashtuka kwamba sikumbuki mara ya mwisho nilicheka lini. Nikachukua fomu moja. Miaka kumi na miwili nawapa watu, sijawahi kujijazia. Naamka nikiwa na hamu ya kazi, sifuri. Nalala vizuri, sifuri. Nawaona watu kama namba, sita. Dakika tatu nilikuwa nimemaliza. Nikaifungia kwenye droo."

Mkono wangu ulitaka kwenda kichwani kwake. Niliuzuia.

"Na mimi ninaingia wapi katika habari hiyo?"

"Wewe ndiye mwenye chumba nilichocheka ndani yake."

Neno lile lingeweza kunimaliza. Lilinigusa mahali ambapo miaka sita hapajaguswa. Lakini nina miaka arobaini na miwili, na nimeshawahi kuolewa na mtu aliyekuja kwangu akitafuta dawa, akakasirika dawa ilipokwenda zamu.

"Sikiliza," nikamwambia. "Mimi si likizo ya mtu. Kama umechoka, omba ruhusa, lala, kamwone daktari. Usinioe ili upumzike. Utapumzika mwaka mmoja, na wa pili utaniona na mimi ni kazi."

Aliinua kichwa. Nilitegemea atakasirika, au atajitetea. Badala yake aliingiza mkono mfukoni akatoa bahasha iliyokunjwa mara nne, akanipa.

"Likizo ninayo," akasema. "Miezi minne. Mkuu wa idara alitia sahihi jana. Mradi wa pili nimeuacha kabisa. Kwa daktari nilikwenda mwezi uliopita, na nitarudi Alhamisi. Nilitaka hayo yote yawe yamefanyika kabla sijakanyaga kwenu, ili nikija nisiwe nimekuja kuomba kubebwa. Kupumzika nitapumzika kwangu. Wewe nakutaka kwa sababu nyingine."

Niliisoma ile barua mara mbili, kama ninavyosoma kila kitu. Tarehe ya jana. Muhuri upo.

"Sababu ipi?"

"Unaniambia mambo kwa ufupi. Ukisema njoo saa tisa, ni saa tisa. Na ukikagua mkasi unauinua kwenye taa, halafu unatoa ncha ya ulimi pembeni, kama mtoto anayetunga uzi kwenye sindano. Nikiwa peke yangu ndicho ninachokikumbuka. Sikumbuki namba hata moja."

"Sitoi ulimi."

"Unatoa. Waulize wenzako."

Upepo ulivuta shuka likamfunika nusu ya uso, naye hakuliondoa. Nililiondoa mimi. Mkono wangu ukabaki shavuni kwake kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akafumba macho.

"Bado umevunja ahadi," nikasema, lakini sauti ilikuwa imeshanisaliti.

"Nimeivunja. Jumatatu, kabla likizo haijaanza, nitakwenda kuwaambia chuoni waiondoe fomu yako, na niwaambie ni kwa nini. Watanisema, na ni haki yao. Lakini mle ndani kuna watu nimewaumiza leo."

Akainuka, akaingia. Safari hii mimi ndiye niliyemfuata.

Alikwenda moja kwa moja hadi mbele ya kiti cha mama, akachuchumaa ili asimtazame kutoka juu.

"Mama, nimeitoa siri ya mwanao mbele yako, na siwezi kuirudisha. Ninachoweza ni kukupa yangu." Akamwambia yote, bila kuficha na bila kupamba. Asubuhi za kukaa ukingoni mwa kitanda saa nzima bila kuvaa viatu. Wanafunzi aliowasahau majina. Sifuri zake, sita zake. Kisha akamgeukia kaka. "Uliniuliza kama nitamtoa kazini. Simtoi, kaka. Aliyechoka ni mimi. Ukimtoa na yeye pale anapopapenda, utakuwa na wagonjwa wawili ndani ya nyumba moja."

Nilihisi kitu kikinilegea kifuani, kitu nilichokuwa nimekikaza tangu asubuhi, au tangu miaka sita nyuma. Hakuwa amefundishwa. Alikuwa amesema mwenyewe.

Kaka hakufurahi. Aliinuka, akaanza hotuba. Kaka akianza hotuba huwa na sehemu, na sehemu zina vifungu. Alianza na babu yetu, akaja kwa baba, akaeleza mwanamume ni nani na nyumba husimama juu ya nini. Bwana Fomu alikuwa amekaa kwenye kochi dogo, mgongo umenyooka, anasikiliza kwa heshima zote.

Mama hakuwa anasikiliza. Aliniita kwa kidole.

"Kwa nini sifuri?" akaninong'oneza.

"Kwa sababu nikiingia nakuuliza umemeza dawa, namuuliza huyu amesoma, halafu nashika ufagio."

"Ni kweli. Unaingia kama askari wa doria. Nani atathubutu kukuuliza kitu." Akanishika kifundo cha mkono. "Haya, niambie. Jana ilikuwaje?"

Binti yangu alisogea, akakaa sakafuni kati yetu. Basi nikawasimulia, kwa sauti ya chini. Jana tulikosa skrubu moja ndogo ya kifaa cha kushikilia mbavu, ndogo kuliko punje ya mchele. Tulizuia trei nzima isiende, daktari akafoka kwenye simu, tukapiga magoti wote kumi na mmoja, tukapapasa sakafu na vichujio vya karo, na mwisho mdogo wetu kuliko wote akaikuta imenasa kwenye pindo la aproni yangu mimi msimamizi.

"Wakasema nini?" binti yangu aliuliza.

"Walinipigia makofi."

Mama alicheka hadi akashika ubavu. Ndipo tukagundua kwamba hotuba imekatika.

Kaka alikuwa amesimama katikati ya sebule, mkono mmoja hewani, kwenye kifungu cha nafasi ya mwanamume mbele ya majukumu. Kwenye kochi dogo, Bwana Fomu alikuwa amelala. Si kusinzia. Kichwa kimeangukia bega, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea pembeni kama ya mtoto aliyerudi kucheza.

"Huyu mtu amelala," kaka alisema. "Nazungumzia mustakabali wake, amelala."

"Punguza sauti, utamwamsha," mama akamjibu.

"Mama, hata kujitetea hawezi kukaa macho."

"Yule wa kwanza alikuwa macho sana. Alimfanyia dada yako nini?" Mama alivuta pazia ili jua lisimpige mgeni usoni. "Mtu haji kulala mbele yako kwa dharau. Analala akiona hana cha kuficha tena. Kunywa chai yako, imepoa."

Kaka hakuketi. Alichukua kofia yake, nikamsindikiza hadi getini. Alisimama pale akichezea komeo muda mrefu, akiliingiza na kulitoa.

"Mwambie akiamka aje na watu wake wazima," akasema hatimaye. "Wanaoweza kukaa macho."

"Na kazi yangu?"

Alitazama miguu yangu, akatazama barabara.

"Ukivimba miguu usinipigie simu mimi."

Kwa kaka yangu, hiyo ni baraka.

Niliporudi ndani, mama na binti yangu walikuwa wamehamia jikoni kwa kunyata. Nilikaa kwenye kochi kubwa, mkabala naye. Kwa kawaida siwezi kukaa dakika tano bila kushika kitu. Siku ile nilikaa saa mbili, mikono mapajani, nikisikiliza anavyopumua, na sikutaka kuwa popote pengine.

Alifumbua macho jua likiwa limeshuka ukutani. Alitazama dari, akatazama kochi alipokuwa kaka, akanikuta mimi, akaketi ghafla.

"Kaka yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Amekataa?"

"Alikuwa anakataa. Mama akamwambia anakuamsha."

Akajifunika uso kwa viganja vyote viwili, na kutoka nyuma ya viganja nikasikia kile kicheko, safari hii kikitoka bila kuhangaika. Kilipoisha hakuondoa mikono.

"Na wewe unasemaje?" akauliza.

"Nasema ndiyo."

Mikono ikashuka. Alinitazama kwa namna ambayo nilishukuru kwamba jikoni kuna mlango.

"Lakini maliza kwanza hiyo likizo yako," nikamwambia. "Sitaki kuoana na mtu anayesinzia."

"Yote? Miezi minne?"

Nilifikiria miezi minne. Nilifikiria kituo cha basi, na magari mawili yaliyotupita.

"Miwili," nikasema. "Mimi nami si chuma."